Nairobi flai: Usimponde, mpulize

JUMAMOSI moja asubuhi, mama anayeishi nyumba ya chini yangu alipanda ngazi akiwa amembeba bintiye wa miaka minne, akanigongea mlango kwa kiganja.

Shingoni mwa mtoto kulikuwa na mstari mwekundu wenye urefu wa kidole. Katikati ya mstari, malengelenge madogo yalikuwa yameanza kuinuka. Ungedhani mtoto amechapwa kwa waya, au ameguswa na ncha ya pasi ya moto.

“Wewe huandika mambo ya afya,” mama akaniambia. “Hebu tazama hapa, halafu uniambie kama mtoto hajachomwa.”

Yaya alikuwa amesimama chini ya ngazi, leso mkononi, analia bila sauti. Alikuwa ameshaambiwa akusanye nguo zake.

Mimi si daktari. Lakini nilipouinua mkono wa mtoto niliona alama nyingine kwenye kiwiko, sehemu ya ndani pale mkono unapokunjika. Zilikuwa mbili, moja juu ya mkunjo na nyingine chini yake, zimefanana kama mhuri na karatasi yake. Ukiukunja mkono, zinakutana. Pasi haichomi hivyo.

Tulienda kliniki wote wanne. Tabibu aliangalia shingo, akaangalia kiwiko, kisha akauliza swali moja tu: “Huyu mtoto hulala taa ikiwa imewashwa?”

Ndiyo. Mtoto anaogopa giza. Balbu huachwa inawaka juu ya kitanda, na usiku ule dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Aliyefanya kosa hakuwa yaya. Ni mdudu mwenye urefu usiofika sentimita moja.

Mvua imenyesha kwa majuma kadhaa sasa, na juzi nimemwona mmoja akitembea ukutani kwangu. Ndiyo maana wiki hii nataka tumzungumzie. Kila mwaka watu huungua ngozi, na baadhi huumia macho, kwa kosa moja dogo ambalo karibu kila mmoja wetu hulifanya bila kufikiri: kumponda kwa kiganja.

Ni mdudu gani huyu?

Tunamwita Nairobi flai, lakini si nzi. Ni mbawakawa mwembamba wa kundi ambalo wanasayansi huliita Paederus. Kundi hilo lina aina zaidi ya 600 duniani. Hapa Afrika Mashariki wanaotusumbua hasa ni aina mbili, Paederus sabaeus na Paederus eximius.

Mkumbuke kwa rangi zake. Kichwa ni cheusi. Kifua ni chekundu kinachokaribia rangi ya chungwa. Katikati ana vibawa vifupi vigumu vya buluu au kijani kinachong'aa, kama mgongo wa nzi wa kijani. Tumbo ni jekundu tena, na ncha ya mkia ni nyeusi. Mwili mzima ni mrefu na mwembamba, watu wengi humfananisha na siafu aliyepakwa rangi.

Ukimsumbua, huinua mkia juu kama nge. Hapo ndipo watu hudhani anataka kuuma. La hasha. Nairobi flai haumi wala hana mwiba. Anaweza kutembea mkononi mwako kutoka kidoleni hadi begani, kisha aruke aende zake bila kukuachia hata alama.

Ana mabawa ya kurukia yaliyokunjwa chini ya vile vibawa vifupi, ingawa mara nyingi utamwona akikimbia badala ya kuruka. Mchana hujificha penye unyevu: chini ya majani yanayooza, kwenye nyasi ndefu, kandokando ya mito na mitaro, na katika mashamba ya mpunga kama yale ya Mwea.

Shambani, kwa kweli, ni rafiki. Hula vidukari na wadudu wengine wadogo wanaoharibu mimea. Mkulima akimwona kwenye mboga zake hana sababu ya kumfukuza. Matatizo huanza anapoingia chumbani.

Sumu yake hukaa wapi?

Sumu imo ndani ya mwili wake, katika majimaji yanayofanya kazi ya damu. Inaitwa pederini. Haitoki mpaka mdudu apondwe au asuguliwe kwenye ngozi. Anayepigwa kofi shingoni hupasuka, majimaji yakamwagika, na mkono uliompiga huyapaka kwenye ngozi kwa mstari. Ndiyo maana alama nyingi hufanana na alama za mjeledi.

Jambo la kushangaza ni kwamba mdudu mwenyewe hatengenezi sumu hiyo. Hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya miili ya majike. Jike huipitisha kwenye mayai, na watoto wake huzaliwa wakiwa na kinga ambayo buibui huikwepa. Kwa hiyo silaha hii haikuwekwa kwa ajili yetu. Sisi tunaidungua wenyewe kwa kofi.

Kiasi kinachopatikana katika mdudu mmoja ni kidogo mno. Wanasayansi waliotaka kujua umbo kamili la sumu hiyo katikati ya karne iliyopita walilazimika kukusanya mbawakawa wapatao milioni 25. Hata hivyo, kiasi hicho cha mdudu mmoja kinatosha kuharibu ngozi, kwa sababu pederini huzuia seli kutengeneza protini na kugawanyika. Seli za ngozi zilizoguswa hufa, na ngozi huinuka malengelenge.

Sasa shika jambo hili, kwa kuwa ndilo lililomponza yule yaya: sumu hii haiwashi papo hapo. Unamponda mdudu saa mbili usiku na hausikii chochote. Unalala. Wekundu na moto huanza baada ya saa 12 hadi 36, na malengelenge hufuata siku ya pili. Wakati huo mdudu ameshasahaulika, au hakuonekana kabisa kwa sababu alipondwa na mtoto aliyekuwa usingizini. Mzazi anabaki na alama isiyo na mwenyewe, na binadamu akikosa jibu hutafuta mtu wa kulaumu.

Kwa nini huja kwa wingi?

Mayai yake yanahitaji udongo wenye unyevu. Mvua ikinyesha kwa muda mrefu, mayai mengi huanguliwa, chakula huwa kingi, na kizazi kipya hukomaa katika wiki chache. Mvua ikipungua na nyasi kuanza kukauka, wadudu hao huhama kutafuta mahali pengine. Usiku huvutwa na mwanga.

Ndiyo maana makali yake huonekana wakati mvua inaendelea na pia mara tu inapoisha. Mvua ya El Nino ya mwaka 1997 na 1998 ilileta wadudu hawa kwa wingi mno Afrika Mashariki, na wazazi wetu wengi wanaikumbuka. Walijaa tena baada ya mvua kubwa ya mwishoni mwa 2019.

Na ingawa wamepewa jina la jiji letu, si wa Nairobi peke yake. Jamii yao hupatikana katika nchi nyingi zenye joto. Mwaka 2022, zaidi ya wanafunzi 100 wa chuo kimoja cha uhandisi katika jimbo la Sikkim, India, walipata majeraha ya ngozi kutokana na wadudu wa kundi hili, na magazeti ya huko yakawaita kwa jina hilihili letu.

Akitua mwilini, fanya hivi

Wafundishe watoto hatua hizi kama unavyowafundisha kuvuka barabara. Hata wa miaka mitatu anaweza kuelewa neno “mpulize”.

1. Usimpige. Zuia mkono wako, hata kama umeshtuka.

2. Mpulize kwa nguvu mpaka aondoke. Au weka kipande cha karatasi mbele yake apande, kisha umtoe nje.

3. Osha mahali alipopita kwa maji na sabuni, hata kama hukumponda. Osha mikono pia.

4. Ukiwa umeshamponda, usisugue. Osha ngozi hiyo mara moja kwa maji mengi na sabuni, na usiguse macho, uso wala sehemu za siri kabla ya kunawa mikono.

5. Vua nguo uliyokuwa umevaa na uifue. Kama alipondwa kitandani, badilisha shuka na foronya usiku huohuo.

Kunawa haraka kunaweza kupunguza sana madhara, au hata kuyazuia. Hiyo ndiyo tiba ya bei nafuu kuliko zote, na iko bafuni kwako.

Ukimkuta ukutani au sakafuni, usimkanyage kwa mguu mtupu wala kumfinya kwa kidole. Mfagie kwenye kipande cha karatasi, kisha mtumbukize kwenye maji yenye sabuni. Usisahau kwamba hata aliyekufa bado ana sumu. Watoto wasiachwe kuwachezea waliokauka dirishani.

Alama ikishatokea

Kwa watu wengi jeraha hili hupona lenyewe. Moto na maumivu hudumu siku kadhaa, malengelenge hukauka katika muda wa wiki moja hivi, kisha ngozi hubambuka. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu hubaki doa jeusi linaloweza kukaa wiki kadhaa au hata miezi kabla ya kufifia. Doa hilo halimaanishi kwamba ugonjwa bado upo.

Nyumbani unaweza kufanya haya: osha jeraha taratibu kwa maji na sabuni, weka kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi kwa dakika 10 hadi 15 mara kadhaa kwa siku, na paka losheni ya kalamini kupunguza mwasho. Mkate mtoto kucha ili asijikwaruze usiku. Usitoboe malengelenge.

Duka la dawa, wengi huuziwa krimu yoyote iliyopo. Krimu zenye steroidi husaidia kupunguza uvimbe, lakini nguvu yake lazima ilingane na umri wa mtu na sehemu ya mwili. Ile inayofaa mgongo wa mtu mzima haifai uso wa mtoto. Mwache mhudumu wa afya achague. Dawa za kuua bakteria hazina kazi hapa, isipokuwa jeraha likiingiliwa na vijidudu na kuanza kutoa usaha.

Kuna vitu ambavyo vimezoeleka na vinafaa kuachwa kabisa: dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa, maji ya betri. Ngozi hiyo tayari imeungua. Ukiipaka kitu kingine cha kuunguza, unaongeza jeraha juu ya jeraha na kumkaribishia mtoto kovu.

Nenda kituo cha afya bila kungoja iwapo:

• alama iko karibu na jicho au ndani ya jicho;
• aliyeathirika ni mtoto mchanga;
• sehemu kubwa ya mwili imeathirika, au sehemu za siri;
• kuna homa, usaha, au wekundu unaoendelea kuenea;
• wiki imepita na hakuna nafuu.

Jicho halina subira

Wengi wanaoumia jicho hawakutuliwa na mdudu jichoni. Walimponda mahali pengine, kisha wakajipangusa uso kwa mkono uleule. Mtoto anayefikicha macho kwa usingizi yuko hatarini zaidi.

Kope huvimba, jicho huwa jekundu, hutoa machozi na kuuma likiona mwanga. Watu wa mji huu wamelizoea mpaka likapewa jina, “jicho la Nairobi”. Sumu ikifika kwenye kioo cha jicho inaweza kukiharibu.

Osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kichwa kikiwa kimeinamishwa upande ili maji yasiingie kwenye jicho lililo zima. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usitie maziwa ya mama, chai wala mkojo. Usitumie dawa ya macho iliyobaki baada ya mtu mwingine kutibiwa. Baadhi ya matone hayo yana steroidi, na yakitumiwa bila jicho kupimwa yanaweza kuleta madhara makubwa kuliko mdudu mwenyewe.

Nyumba yako usiku

Huwezi kuwamaliza wadudu hawa mtaani, na hakuna haja ya kujaribu. Kazi yako ni kuhakikisha hawakutani na ngozi ya mtoto. Silaha kubwa ni swichi ya taa.

Funga madirisha na milango kabla ya kuwasha taa jioni, si baada. Anayefunga dirisha saa moja na nusu, taa ikiwa imewaka tangu saa kumi na mbili na nusu, anawafungia ndani pamoja naye. Kama joto linakusumbua, weka wavu mwembamba dirishani. Tundu zake ziwe ndogo kama za neti ya mbu.

Taa ya nje iliyo juu kabisa ya mlango huwaita wadudu kizingitini. Izime msimu huu ukiweza. Kama unaihitaji kwa usalama, ihamishie mbali na mlango, au weka balbu ya rangi ya manjano, kwani taa nyeupe kali huwavutia wadudu zaidi.

Lala ndani ya neti na uchomeke pindo zake chini ya godoro. Neti uliyopewa kwa ajili ya malaria hufanya kazi hii pia. Kabla ya kulala, kung'uta shuka na mto, na uangalie ndani ya neti. Sogeza kitanda cha mtoto kisiwe chini ya balbu wala kisiguse ukuta.

Mtoto anayeogopa giza, mwachie taa ya korido au sebule badala ya ile iliyo juu ya kichwa chake.

Nguo zilizoanikwa zitolewe kambani kabla ya giza kuingia. Zikunguteni vizuri, hasa taulo na nepi. Anika nepi usiku uone: asubuhi unamfunga mtoto mdudu ndani yake bila kujua.

Nje, fyeka nyasi zilizo karibu na ukuta, zoa majani yanayooza, na zibua mitaro. Kwa walio kwenye nyumba za kupanga, hili ni jambo la kuzungumza na mwenye nyumba au mlinzi wa ploti. Mtu mmoja kufagia mbele ya mlango wake hakutoshi kama nyuma ya jengo ni kichaka.

Dawa ya kupuliza inaweza kuua wanaoonekana, lakini wengine wataingia kesho usiku kama taa na dirisha ni vilevile. Ukiitumia, toa watoto, funika chakula na maji, subiri hewa ibadilike, kisha fagia maiti zote. Kamwe usipulize kwenye kitanda au kwenye neti mtoto akiwa ndani.

Na wewe unayesoma makala hii kitandani, taa ikiwa imezimwa na simu iko karibu na uso: hiyo nayo ni taa. Ukihisi kitu kinatembea shingoni, umeshajua la kufanya.

Mtoto wa bweni

Mabweni yana kila kitu ambacho mdudu huyu anapenda: taa nyeupe zinazowaka hadi usiku, madirisha mengi, na mara nyingi nyasi nyuma ya jengo. Anayelala kitanda cha juu yuko karibu zaidi na balbu.

Ukimpeleka mwanao shule ya bweni msimu wa mvua, mpe neti na umwonyeshe picha ya mdudu huyu. Mweleze kwamba akipata alama amwambie mwalimu au muuguzi, badala ya kuificha kwa aibu. Vijana wengi huona malengelenge yakitokea ghafla wakadhani wamepata ugonjwa wa zinaa, hasa yakiwa mapajani. Wanakaa kimya, wanajipaka chochote wanachoshauriwa na wenzao, na jeraha linaoza.

Mwuliize pia mwalimu wa zamu taa za bweni huzimwa saa ngapi na madirisha hufungwa saa ngapi. Ni swali la kawaida, si ukali.

Mnayoniuliza mara kwa mara

Je, huambukizwa? Hapana. Mtoto mwenye malengelenge haya hamwambukizi mwenzake, na hakuna sababu ya kumzuia kwenda shule kama anajisikia vizuri. Kinachoweza kusambaa ni sumu iliyo kwenye mkono au nguo ambayo haijaoshwa. Ndiyo maana watu wa kitanda kimoja huamka na alama zinazofanana.

Maji ya malengelenge yakimwagika, yataeneza? Hayaenezi ugonjwa huu. Lakini lengelenge lililopasuka ni mlango wazi kwa bakteria, kwa hiyo lisafishe na ulifunike kwa kitambaa safi.

Nitajuaje kama si ugonjwa mwingine? Ugonjwa wa mkanda wa jeshi pia huleta malengelenge yaliyojipanga, lakini hufuata upande mmoja wa mwili kama mshipi na mara nyingi hutanguliwa na maumivu. Alama za Nairobi flai hutokea zaidi sehemu zisizofunikwa na nguo, kama vile uso, shingo na mikono, na hazitanguliwi na kitu. Zile alama pacha kwenye mkunjo wa kiwiko au goti ni ushahidi mzuri. Ukiwa na shaka, daktari aamue.

Vipi ikiwa kweli mtoto amechomwa? Swali hili ni la haki, na sitaki makala haya yatumiwe kumfunika mtu. Alama iliyochukua umbo la kitu, kama pasi, kijiko au ncha ya sigara, au alama za maji ya moto zenye mpaka ulionyooka kama soksi, si kazi ya mdudu. Mtoto akikwambia ameumizwa, mwamini kwanza. Mpeleke hospitali, na upige simu 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto nchini. Ninachoomba ni kimoja: alama ionwe na mhudumu wa afya kabla ya mtu kuhukumiwa.

Yule mtoto wa chini yangu alipona. Doa la shingoni lilichukua karibu miezi miwili kufifia, na sasa ni mwalimu wa ploti nzima. Akimwona mdudu yeyote, hata kama ni siafu wa kawaida, huwapigia wenzake kelele: “Mpulize! Usimguse!”

Mama yake alimwomba yaya msamaha siku hiyohiyo tulipotoka kliniki, nikiwa nasikia. Yaya akaitikia kwa adabu, akarudi jikoni akaendelea na kazi. Mwisho wa mwezi alipokea mshahara wake, akaaga, akaenda kwao. Mama alimsihi abaki. Alisema tu kwamba amechoka.

Leo jioni, kabla hujawasha taa, funga dirisha.